John Napier na Hesabu ya Siku ya Mwisho

Miongoni mwa maswali ambayo wanateolojia na wanafalsafa wa Ulaya walirithishana katika karne ya 16 na ya 17, lipo moja ambalo hadi leo halijapoteza ukali wake, nalo ni kama uhakika unaopatikana katika hisabati unaweza kuhamishiwa kwenye mambo ya imani, ili muumini akihesabu kile ambacho kwa kawaida hukingoja tu. Mtu anayefaa kuliko wengi kulipimia swali hilo ni John Napier wa Uskoti, bwana wa ngome ya Merchiston karibu na Edinburgh, aliyezaliwa mwaka 1550 na kufariki tarehe 4 Aprili 1617. Napier alifanya hesabu mbili kubwa maishani mwake: ya kwanza ilikuwa ya mwaka ambao dunia ingefikia mwisho, na ya pili ilikuwa ya logarithimu, yaani zile namba saidizi zinazoigeuza kazi ya kuzidisha ikawa ya kujumlisha, na ya kugawanya ikawa ya kutoa. Wanahistoria wengi wa sayansi huisifu ya pili na kuipita ya kwanza kimyakimya, kana kwamba ni udhaifu wa uzeeni ambao heshima inataka usitajwe. Napier hakuwa mzee alipoifanya, wala hakuionea haya, kwa kuwa mwaka 1611, alipokuwa ameshazama kwa miaka mingi katika logarithimu, kitabu chake cha unabii kilitolewa tena kikiwa kimesahihishwa.

Malezi yake yalifungamana na mgogoro wa dini wa nchi yake. Bunge la Uskoti liliikataa mamlaka ya Papa mwaka 1560, Napier akiwa mtoto wa miaka kumi, na mwaka 1563 alipelekwa katika Chuo cha Mtakatifu Salvator kwenye Chuo Kikuu cha St Andrews, mji ambao wahubiri wa Matengenezo, yaani vuguvugu lililozaa makanisa ya Kiprotestanti, walikuwa wameushika barabara. Katika dibaji ya kitabu chake anaeleza kwamba huko alikuwa na rafiki Mkatoliki waliyependana na kubishana, na kwamba wakati huohuo alikuwa akimsikiliza mhubiri Christopher Goodman akikifafanua kitabu cha Ufunuo wa Yohana. Mahubiri hayo yalimwingia mno, hata akakusudia kuutumia wakati wake kutafuta maana ya kitabu hicho, ambacho waumini wengi walikisoma kwa hofu na wachache tu walidai kukielewa. Hakuna kumbukumbu ya kuhitimu kwake. Huenda alikwenda kusoma katika nchi za bara, na alipokuwa amefikia umri wa miaka 21 alikuwa amekwisha kurejea nyumbani, ambako alioa, akafiwa na mke, akaoa tena, akapata watoto kumi na wawili na kuyasimamia mashamba ya ukoo. Majirani walimdhania kuwa mchawi, na visa kuhusu jogoo wake mweusi vingali vinasimuliwa, ingawa havisaidii kitu katika kumwelewa.

Kinachosaidia zaidi ni hofu ya kisiasa iliyomzunguka. Mwaka 1588 Uhispania ilituma kundi kubwa la manowari kuivamia Uingereza, na mwishoni mwa mwaka 1592 zilinaswa karatasi zilizoachwa wazi lakini zenye sahihi za mabwana wakubwa Wakatoliki wa Uskoti, ambazo zilishukiwa kuwa ahadi ya kumpokea mfalme wa Uhispania na jeshi lake. Mmoja wa waliotuhumiwa katika njama hiyo alikuwa Sir James Chisholm, mkwe wa Napier mwenyewe, baba wa mke wake wa pili. Hata hivyo Napier alikubali kuwa miongoni mwa wajumbe wa kanisa waliotumwa kumsihi Mfalme James VI awaadhibu wahusika. Alikuwa amenuia kukiandika kitabu chake polepole, tena kwa Kilatini, lugha ya wasomi, lakini hatari hiyo ilimfanya akiharakishe na kukiandika kwa lugha ya watu wake, ili hata wasio na elimu ya vyuo wakielewe. Kilitoka Edinburgh mwaka 1593, kikiwa na waraka kwa mfalme uliomhimiza aanze usafi katika nyumba yake mwenyewe, na baadaye kilitafsiriwa kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani.

Jambo linalokitofautisha kitabu hicho na mamia ya fafanuzi za Ufunuo zilizokitangulia ni umbo lake. Napier alikipanga kwa mfano wa vitabu vya jiometria vya Euclid, yule Mgiriki wa kale aliyeanza na kauli chache zisizohitaji kuthibitishwa na kuzijengea juu yake kauli nyingine, kila moja ikitegemea iliyotangulia. Sehemu ya kwanza ya kitabu ina kauli 36 za namna hiyo, kila moja ikifuatwa na uthibitisho wake, na ya pili inaufafanua Ufunuo sura kwa sura. Kauli ya mwanzo ni ile iliyozoeleka kwa wafasiri wa zama hizo, kwamba siku moja ya unabii ni mwaka mmoja wa historia. Kisha anaigeukia tarumbeta ya tano katika zile saba zinazopigwa na malaika, ambayo nzige wake anawafasiri kuwa majeshi ya Waturuki yaliyoanza utawala wao mwaka 1051, na tarumbeta ya sita, ambayo anaihusisha na kuinuka kwa dola ya Othman mwaka 1296. Kati ya miaka hiyo miwili ipo miaka 245, nayo ni yubile tano kamili, kila yubile ikiwa na miaka 49. Kutokana na kipindi hicho kimoja Napier anakata shauri kwamba tarumbeta zote saba zina urefu uleule.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kujumlisha. Akirudi nyuma kutoka 1051 kwa hatua za miaka 245, anafika 806, 561, 316 na hatimaye 71, mwaka unaofuatia kubomolewa kwa Yerusalemu na Warumi. Akienda mbele kutoka 1296, anafika 1541, mwanzo wa tarumbeta ya saba na ya mwisho. Tarumbeta hiyo ingekwisha mwaka 1786, lakini Injili inasema kwamba siku hizo zitafupizwa kwa ajili ya wateule, kwa hiyo Napier alitafuta mipaka ya karibu zaidi. Kutoka 1541 alihesabu yubile tatu, moja kwa kila malaika wa sura ya 14 ya Ufunuo, akapata 1688. Kisha akaichukua ile idadi ya siku 1,335 iliyo mwishoni mwa kitabu cha Danieli, akaijumlisha na mwaka 365, ambao aliuhusisha na jaribio la Kaisari Julian la kulijenga upya hekalu la Wayahudi, akapata 1700. Hukumu ya mwisho, kwa hesabu hiyo, ingetokea kati ya 1688 na 1700. Kwa njia hiyohiyo miaka 1,260 ya utawala wa Mpinga Kristo, ambaye kwake alikuwa Papa, ilianzia kati ya miaka 300 na 316, na mtu akianza na 300 anafika mwaka 1560, mwaka wa ushindi wa Uprotestanti nchini Uskoti. Msomaji Mskoti wa siku zile aliyeuona mwaka huo ukitokea mwishoni mwa mlolongo wa namba bila shaka alisisimka.

Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza namna mtu mcha Mungu alivyothubutu, maana Injili ya Marko inasema waziwazi kwamba siku ile na saa ile haijulikani hata kwa malaika, na Kurani nayo, katika Sura ya Al-A'raf, inasema kwamba elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Wafasiri wa mkondo wa Napier walikuwa na jibu: kilichofichwa ni siku na saa, wala si mwaka; na tena Mungu asingeziweka namba nyingi kiasi hicho katika Maandiko kama hakutaka zihesabiwe. Jibu hilo la pili lina uzito kuliko wapinzani wake walivyokubali. Aliyepewa kitabu kinachotaja siku 1,260, miezi 42 na siku 1,335, kisha akaambiwa asihesabu, anaombwa asome huku amefumba jicho moja. Kosa la Napier, kama lipo, si la kuhesabu.

Ili kosa hilo lionekane lilipo, inafaa kuichunguza hesabu yake ya pili kwa karibu. Wanaastronomia na mabaharia wa karne ya 16 walilazimika kuzidisha na kugawanya namba ndefu bila kikomo, hasa zile za sini, yaani urefu wa upande wa pembetatu unaokabili pembe fulani, ambazo katika majedwali ya wakati ule zilikuwa na tarakimu saba au zaidi. Msingi wa kuwapunguzia mzigo huo ulikuwa umejulikana tangu zamani: ukiandika safu ya namba zinazozidishwa kwa kiasi kilekile, kama 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, na juu yake safu inayopanda kwa moja moja kuanzia sifuri, basi badala ya kuzidisha 8 kwa 16 unajumlisha 3 na 4 zilizo juu yake, ukapata 7, na chini ya 7 unaikuta 128. Udhaifu wa safu hiyo ni mapengo yake, kwa kuwa namba kama 11 au 100 haimo. Napier aliyaziba mapengo hayo kwa kuwaza nukta mbili zinazotembea: moja inakwenda kwa mwendo usiobadilika, na nyingine inaiendea ncha ya mstari wenye urefu wa vipande 10,000,000 huku mwendo wake ukipungua kwa uwiano wa umbali uliobaki. Umbali uliokwisha kupitwa na nukta ya kwanza ndio logarithimu ya umbali uliobaki kwa ile ya pili. Wazo hilo, la kitu kinachobadilika bila kukatika hata kwa kitambo, lilitokea miongo mingi kabla ya kalkulasi, na mwenye wazo hilo alikuwa kabaila wa shamba asiyekuwa na cheo chochote chuoni.

Kazi ya kuligeuza wazo hilo kuwa majedwali ilimchukua takriban miaka 20. Ilitoka mwaka 1614 kwa Kilatini, ikiwa na kurasa 57 za maelezo na 90 za majedwali, na maelezo ya jinsi namba zilivyotengenezwa yalichapishwa mwaka 1619, baada ya kifo chake, kwa juhudi za mwanawe Robert. Humo Napier anaonyesha kwamba alianza na jedwali lililoshuka kutoka 10,000,000 kwa hatua ndogo mno, akafuatia na jedwali la pili la hatua 50, ambamo kila namba inapunguzwa kwa sehemu moja ya laki moja ya yenyewe. Namba ya mwisho ya jedwali hilo anaitaja kuwa 9995001.222927, akiitumia ile nukta ya desimali ambayo yeye ni mmoja wa walioieneza. Namba hiyo si sahihi. Anayerudia hatua hizo 50 kwa uangalifu anapata 9995001.224804. Tofauti ni ndogo, chini ya sehemu mbili za elfu ya kipande kimoja, lakini jedwali la tatu lilijengwa juu ya la pili, na kwa hiyo kosa liliingia katika tarakimu za mwisho za logarithimu karibu zote. Napier aliona kwamba baadhi ya majibu hayakubaliani, akahisi lawama ni ya majedwali ya sini aliyoyarithi kwa wengine, na akashauri kazi yote irudiwe kwa sini sahihi zaidi.

Hapo pana jambo la kushangaza ambalo mwanafalsafa hapaswi kulipita upesi. Katika hesabu ya siku ya mwisho hakuna kosa la hesabu hata moja: 71 na mara sita ya 245 ni 1541, 365 na 1,335 ni 1700, na mtoto wa shule anaweza kuhakikisha. Katika hesabu ya logarithimu kosa lipo, tena katika msingi wa jengo. Hata hivyo ile isiyo na kosa ilitoa jibu lisilo kweli, na ile yenye kosa ikawahudumia wanaastronomia, mabaharia, wapima ardhi na wahandisi kwa zaidi ya miaka 350. Wanaosema kwamba Napier alikuwa makini katika sayansi na mzembe katika dini wanasema kinyume cha kinachoonekana kwenye karatasi.

Tofauti inatokana na jinsi kila hesabu ilivyosimama mbele ya watu wengine. Michael Mästlin, mwalimu wa Johannes Kepler, hakuzipenda logarithimu, akiona kwamba haimfai mwanahisabati kufurahia wepesi wa kazi wakati uthibitisho haujakamilika. Naye Kepler, ambaye hakuwahi kuonana na Napier, alizithibitisha upya mwaka 1624 kwa misingi mingine kabisa, aliyoitoa katika nadharia ya uwiano ya Euclid, kisha akazitumia katika majedwali yake ya sayari ya mwaka 1627. Henry Briggs, profesa wa jiometria wa London, alisafiri hadi Merchiston mwaka 1615 na tena mwaka 1616, na katika mazungumzo yao walikubaliana kwamba logarithimu ya 1 iwe sifuri na hesabu nzima ijengwe juu ya 10. Napier aliyepinga Upapa kwa maisha yake yote alikubali bila ugomvi kuubadilisha mwanzo wa kazi yake kubwa, kwa sababu alijua kwamba katika logarithimu mwanzo huchaguliwa, na anayechagua mwingine hupata majedwali tofauti lakini 8 mara 16 inabaki 128. Mwanafunzi wa sekondari wa Kenya au Tanzania aliyefundishwa kusoma kitabu cha majedwali ya tarakimu nne alikuwa akiyatumia matokeo ya makubaliano hayo, bila kuhitaji kumwamini Napier wala Briggs kwa lolote.

Mwaka 71 hauwezi kubadilishwa hivyo. Katika unabii mwanzo hauchaguliwi, bali unadaiwa kuwa wa kweli, na kila kitu kilicho juu yake kinasogea pamoja nao. Wanahistoria huliweka jaribio la Kaisari Julian kwenye mwaka 363, na kwa tofauti hiyo ya miaka miwili mpaka wa 1700 unageuka kuwa 1698. Zito zaidi ni lile la miaka 245, ambayo ilipatikana kwa kulinganisha matukio mawili yaliyoteuliwa na mfasiri mwenyewe, kisha ikafanywa kuwa kanuni ya matukio yote, na matukio yaliyobaki yakatafutwa katika historia ili yaiafiki. Umbo la Euclid lilimficha Napier udhaifu huo, wala hakuna mtu wa nje aliyeweza kumwonyesha, kwa sababu msomaji Mprotestanti aliipokea misingi pamoja naye na msomaji Mkatoliki aliikataa pamoja na kitabu kizima. Hakutokea Mästlin wa Ufunuo, yaani mtu aliye upande wa Napier katika imani anayedai uthibitisho bora kabla ya kufurahia jibu. Msahihishaji aliyebaki ni tukio lenyewe, na tukio la mwisho wa dunia, kwa asili yake, halimpi mwenye hesabu nafasi ya kurudia.

Wengine walioshika njia hiyo waliliona tatizo kwa viwango tofauti. Isaac Newton, ambaye alitumia miaka mingi katika Danieli na Ufunuo, aliandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1733, baada ya kifo chake, kwamba Mungu hakuutoa unabii ili wafasiri wawe manabii, bali ili utambulike baada ya kutimia. Kauli hiyo inaziacha namba mahali pake huku ikiigeuza kazi yake. Mskoti mwingine, John Craig, mwanafunzi wa David Gregory wa Edinburgh na baadaye kasisi nchini Uingereza, alifuata njia ngeni zaidi. Mwaka 1699, ukiwa umebaki mwaka mmoja tu kabla ya mpaka wa mwisho wa Napier, Craig alichapisha kitabu cha Kilatini kilichoiga jina la kitabu kikuu cha Newton, akajaribu kuhesabu si tarehe ya mwisho bali nguvu ya ushahidi. Alidhani kwamba kila habari inayopitishwa kutoka kwa shahidi hadi shahidi hupungukiwa na uwezekano wake wa kusadikika, na kwamba shaka hukua kwa kasi inayozidi kadiri miaka inavyopita. Kwa kanuni hiyo habari za Kristo, kama zingepokewa kwa mdomo tu, zingekuwa zimekoma kusadikika kufikia mwishoni mwa karne ya 8, lakini kwa kuwa ziliandikwa zingedumu hadi mwaka 3150. Kwa kuwa Injili ya Luka inauliza kama Mwana wa Adamu ataikuta imani duniani atakapokuja, Craig alihitimisha kwamba kuja huko hakuwezi kuchelewa kupita mwaka huo.

Kitabu cha Craig kimechekwa tangu kilipotoka, na kicheko hicho kina sababu, lakini kinapita kitabu cha Napier katika jambo moja. Misingi yake si tarumbeta wala nzige, bali ni madai juu ya jinsi watu wanavyoaminiana: kwamba shahidi wa kumi hupunguza kiasi kilekile anachopunguza shahidi wa pili, na kwamba nakala iliyoandikwa huchakaa kwa kanuni moja na neno lililosemwa, ila polepole zaidi. Madai hayo yanaweza kupingwa na mtu yeyote aliyewahi kulinganisha nakala mbili za hati moja, awe Mkristo au asiwe. Yalipingwa, na wakosoaji wa karne ya 18 waliozionyesha kasoro za kitabu hicho hawakulazimika kuungoja mwaka 3150.